Mume Wangu na Viti Vinavyofanya Kazi Vyenyewe

Mume wangu alirudi kutoka semina Jumamosi moja mchana akiwa na chupa ya maji ya bure, kalamu ya bure, na huruma kubwa juu yangu. Nilikuwa uani naanika nguo. Alisimama pembeni ya kamba akaniangalia kwa muda, vile mtu anavyomwangalia mgonjwa ambaye bado hajajua kama anaumwa.

"Mama watoto," akasema, "hivi unajua kwamba kila siku unauza muda wako?"

Nikamwambia najua, na kama anataka kununua kidogo, anipokee lile beseni.

Semina yenyewe ilifanyika kwenye ukumbi mmoja kule Mbezi Luis, jirani na stendi kuu ya mabasi ya mikoani. Msemaji, kwa maelezo ya mume wangu, alikuwa kijana mwenye viatu vya ncha kali aliyetembea jukwaani bila kukaa hata mara moja. Aliwaambia kuwa mwajiriwa ni mtu aliyejikodisha mwenyewe, na kwamba mwenye akili ni yule ambaye hela zinaingia yeye amelala. Nadhani neno lililomshika mume wangu lilikuwa hilo la mwisho. Wakati huo alikuwa msimamizi wa ghala la vigae, kazi aliyoianza watoto wetu wakiwa bado wananyonya, na tunaishi Chanika. Mtu wa Chanika anayefanya kazi mjini anaijua alfajiri kuliko muadhini. Kulala ndicho kitu ambacho nyumba yetu haikuwahi kuwa nacho cha kutosha.

Mie nafanya kazi masjala, kwenye ofisi moja ya serikali huko Temeke. Natunza mafaili. Faili likitoka najua limekwenda kwa nani, na lisiporudi nalifuata. Si kazi ya kuwasimulia watu wakakusogelea. Lakini ni kazi, na mwisho wa mwezi simu inalia, na mlio ule nimeupenda miaka yote hii bila kuona aibu.

Kwa miezi kadhaa baada ya semina tulikula chakula cha jioni pamoja na yule kijana wa viatu vya ncha. Hakuwepo mezani, ila maneno yake yote yalikuwepo.

"Tuseme leo unaumwa," mume wangu angeanza. "Mshahara utaingia?"

"Utaingia. Nina likizo ya ugonjwa."

"Haya, tuseme umekufa."

"Hapo nitakuwa nimelala, na hela zitaingia kwako. Si ndicho ulichofundishwa?"

Mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu na anakaa nasi tangu alipokuja kutoka Newala kutibiwa macho akaona hakuna haja ya kurudi, alikuwa akisikiliza mabishano haya akichambua mchicha. Siku moja mume wangu akaamua kumwingiza upande wake.

"Mama, kwanza wewe ndiye mtu wa kwanza kwenye ukoo wetu kuwa na kipato cha namna hiyo. Ile mikorosho yako, inazaa wewe umelala."

Mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, kwenye ile mikorosho mimi uliniona nimelala lini? Aliyekuwa amelala ni wewe. Nilikuwa nakulaza kivulini, nikirudi nakukuta palepale."

Pamoja na hayo, aliacha kazi. Nisimwonee, hakukurupuka. Aliniuliza, na mimi nikakubali. Hoja zake hazikuwa zimenishawishi hata kidogo. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeona uso wake ulivyochangamka, na uso ule sikuwa nimeuona tangu tulipokuwa wachumba. Wenzake ghalani walimuaga vizuri, wakampa zawadi ya saa ya ukutani. Nilimtazama alivyoibeba kurudi nyumbani, mtu aliyeacha kuuza muda, nikajizuia kusema lolote. Mama mkwe hakujizuia.

Biashara aliyoichagua ilikuwa kukodisha viti na maturubai. Alinieleza kwa sentensi tatu. "Watu wataendelea kuoana. Watu wataendelea kufa. Sasa wote hao watakaa wapi?" Viti, akasema, haviombi ruhusa, haviugui, havigombani. Unavitoa asubuhi, vinarudi kesho yake, wewe uko zako barazani unakunywa kahawa.

Vikaja viti vyeupe vya plastiki, rundo juu ya rundo. Yakaja maturubai na vyuma vyake. Akaenda mwenyewe Keko kuchongesha meza kuu, ile ya maharusi, akashinda huko siku nzima akiwachagulia mafundi mbao mpaka wakaanza kumwita bosi kwa sauti ya kumkejeli, na yeye akaifurahia. Banda la kuhifadhia lilikuwa bado halijaezekwa, kwa hiyo kwa majuma kadhaa vyote vilikaa sebuleni, vikiwa vimepandana mpaka dari. Nyumba yetu ilikuwa na viti kuliko ukumbi wa halmashauri na hakuna mtu aliyekuwa na pa kukaa. Wageni tuliwapokea jikoni.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani wa mtaa wa pili aliyekuwa na kichen pati, sherehe ya kumfunda binti yake kabla ya ndoa. Mume wangu alipeleka viti asubuhi kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akarudi, akaketi barazani, akamiminiwa kahawa. Hakuimaliza. "Ngoja nikachungulie tu kidogo," akasema. Nilimwona tena kesho yake, ameshika kiti kilichovunjika mguu kama mtu aliyeshika kuku mgonjwa. Kilikaliwa na mama mmoja mnene aliyekuwa akicheza huku amekaa.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Viti vilifanya kazi vyenyewe, yeye alivisindikiza tu. Vikienda kwenye maulidi, naye yupo. Vikienda kwenye ubarikio wa kanisani, naye kavaa shati jeupe yuko nyuma, anaangalia nani anakiegemeza kiti kwa miguu miwili. Mvua ikitishia anakimbilia kukaza kamba. Zamani nilikuwa namkosa kuanzia alfajiri hadi jioni, siku tano za juma. Sasa nikawa namkosa na wikiendi.

"Leo hela zinaingia umelalia wapi?" nilikuwa namuuliza kwenye simu.

"Niache bwana, mie niko msibani," ananijibu kwa sauti ya chini.

Na misiba ndiyo iliyomgeuza. Mtu aliyezoea kuhesabu maboksi ya vigae alijikuta anakaa mstari wa nyuma kwenye misiba ya watu asiowajua, anasikiliza wasifu wa marehemu, na machozi yanamtoka. Alikuwa akirudi nyumbani anatusimulia maisha kamili ya watu. Huyu alijenga kisima cha mtaa mzima. Huyu alikuwa na wake wawili waliopatana kuliko dada. Kuna familia moja ilifiwa mara tatu kwa karibukaribu, na mara zote viti vilikuwa vyetu. Kwenye msiba wa tatu mwongozaji akatangaza kwamba sasa atasimama mmoja wa marafiki wa familia atoe neno la shukrani, akamnyooshea kidole mume wangu. Kumbe kwa kumwona pale kila mara walijua ni mtu wao. Angeweza kusema mimi ni wa viti. Badala yake alisimama, akashukuru majirani, akashukuru waliochimba kaburi, akamtaja marehemu kwa jambo alilolisikia kwenye msiba wa kwanza, na watu wakalia upya. Mpaka leo familia ile ikiwa na kikao inamwita.

Kisha akaumia mgongo. Aliinua ile meza kuu ya Keko peke yake, kwa haraka, kwa sababu wapakiaji walikuwa wanakunywa soda. Tukamfikisha hospitali amejikunja. Dirishani wakaomba kadi ya bima, nikatoa yangu, na yake ikafuata nyuma, maana yeye aliingizwa chini ya jina langu alipoacha kazi. Muuguzi akamwandikia karatasi. Mume wangu, pamoja na maumivu yote yale, akaisoma.

"Hapa wameandika mtegemezi," akaniambia.

"Ni lugha tu ya watu wa bima, mume wangu."

"Mtegemezi," akarudia polepole. Sikumcheka. Nilisubiri mpaka nilipofika nyumbani, nikamsimulia mama yake, na hapo tukacheka wote wawili mpaka mchuzi ukaungua.

Daktari akamwambia alale. Alale kabisa, asiinuke, asibebe kitu. Na Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumeshapokea oda mbili: harusi ya hapahapa Chanika, na msiba ng'ambo ya bonde, mazishi yakiwa siku hiyohiyo. Nikajikuta mimi ndiye mwenye viti.

Ijumaa nilitoka kazini nikakaa bandani na mama mkwe tukivalisha viti vya harusi. Harusi walitaka vitambaa vyeupe na utepe wa pinki, ufungwe fundo kubwa mgongoni mwa kiti. Mama mkwe hakuwahi kufunga kitu cha namna ile, na mimi kazi yangu ni kufunga mafaili, kwa hiyo tulifunga kama mafaili. Vya msiba tukaviacha vitupu, upande wa ndani.

Asubuhi dereva wa kirikuu, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Dada, mzigo wa kwanza unaenda wapi?"

"Msibani, kaka. Msiba hausubiri."

Hapo nilisema kweli. Nilichosahau kusema ni mzigo upi, na nilisahau kwa sababu simu ilikuwa sikioni. Mume wangu alikuwa chumbani, hatua chache tu kutoka bandani, amelala chali kama alivyoagizwa, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze biashara hela zilikuwa zinaingia yeye yuko kitandani. Hakuistahimili hata saa moja. Alinipigia kuuliza kama kamba zimehesabiwa. Alinipigia kuuliza mawingu yako upande gani. Alinipigia kuniambia nisiwaruhusu wapakiaji wanywe soda. Nilipokata simu ya nne, kirikuu kilikuwa kimeshaondoka.

Nilifika msibani nyuma yao kwa bodaboda. Turubai lilikuwa limesimama vizuri, na chini yake wamekaa wanaume wazima, wakwe na mashemeji, wamevaa nyuso za msiba, kila mmoja na fundo kubwa la pinki mgongoni. Walikuwa wamekaa wima mno, kama watu wanaopigwa picha.

Nilitamani bodaboda igeuke. Lakini ilikuwa imeshanishusha na kuondoka, kwa hiyo nikaingia ndani kumtafuta mfiwa. Alikuwa mama mtu mzima, amekaa kwenye godoro sakafuni katikati ya wanawake, na dirisha lililokuwa mbele yake lilitazama moja kwa moja kwenye turubai.

"Shikamoo mama. Pole sana mama. Mimi ndiye mwenye viti. Tumekosea, mama, hivi vilikuwa vya harusi, naomba utusamehe, navibadilisha sasa hivi."

"Marahaba." Akatazama dirishani. Akatazama tena. "Nani kafunga zile tepe?"

"Mimi, mama, na mama mkwe wangu."

"Zimefungwa vibaya," akasema. "Marehemu alikuwa fundi cherehani. Kawashonea maharusi wote wa huku. Angekuwepo hapo nje asingekaa kwenye kiti hata kimoja. Angezifungua zote, azifunge upya, huku anawatukana."

Mdomo ukaanza kumtetemeka, nikadhani ni kilio. Kikatoka kicheko. Kwanza kidogo, halafu akamwona shemeji yake mkubwa, mzee mmoja mwenye koti, anajaribu kulisukuma fundo lisionekane, na hapo akacheka mpaka akamshika mkono mwanamke aliyekuwa karibu naye. Yule akacheka. Chumba kizima kikacheka, kisha kikalia, na kwa muda ilikuwa vigumu kujua nani yuko kwenye lipi. Yule shemeji akaja mlangoni kusema vitambaa vivuliwe mara moja, ni kumvunjia marehemu heshima. Mfiwa akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Viache," akamwambia. "Huyo mtu kayamaliza maisha yake kwenye tepe. Mwache azikwe nazo."

Vikabaki. Na mimi nikabaki, kwa sababu mfiwa aliniita nikae karibu naye akanielekeza, kwa utepe mmoja uliochomolewa kwenye kiti, namna mumewe alivyokuwa akifunga fundo lisilolegea.

Kule harusini, wakati huo, viti vilifika vitupu. Shangazi wa bibi harusi alinipigia simu na sauti yake ilisikika mpaka kwa waombolezaji. Aliyekwenda kumtuliza ni mama mkwe, kwa mguu, na miwani yake. Sijui yote aliyoyasema. Ninachojua ni kwamba alimhakikishia shangazi kuwa siku hizi watu wa mjini hawavalishi tena viti, kuvalisha viti ni mambo ya kizamani, na alilisema hilo kwa lafudhi ya Newala akiwa na kandambili miguuni. Hawakumwamini sana, lakini walikuwa wameanza kuona aibu kubishana na bibi. Tukawarudishia gharama ya vitambaa, wakacheza mpaka asubuhi.

Jioni ile niliporudi miguu ilikuwa inawaka moto. Nilikaa kitandani pembeni ya mume wangu nikamsimulia yote tangu mwanzo, na yeye, aliyekatazwa kucheka kwa ajili ya mgongo, alicheka huku anapiga kelele za maumivu. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Masjala sijawahi kupeleka faili likamchekesha mjane. Lakini nitasema na la Jumatatu, kwa sababu nalo ni kweli: Jumatatu nilifungua mlango wa masjala, nikakuta mafaili yamekaa palepale nilipoyaacha, hakuna hata moja lililonipigia simu, hakuna mvua inayoweza kuyanyeshea, na nikavuta pumzi kama mtu aliyefika kwake.

Mgongo ulipopona, mwenye ukumbi mmoja mkubwa kule Mbezi Luis, ambaye alikuwa amesikia habari za mume wangu kwenye misiba na harusi, akamwita na kumpa kazi. Msimamizi wa shughuli zote za ukumbi. Mshahara, likizo, bima yake mwenyewe. Alinieleza akiwa ananawa mikono, mgongo amenipa mimi, ili nisimwone usoni.

"Sasa yule kijana wa viatu vya ncha tutamwambia nini?" nikamuuliza.

"Nataka kujaribu tu."

Alijaribu. Viti vyetu tukamwachia dereva wa kirikuu avisimamie, na kwa kweli vilileta hela bila mume wangu kuvigusa, kama alivyoahidiwa kwenye semina. Alipaswa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Chanika. Alirudi kila jioni amenuna. Haikufika miezi miwili akaaga ukumbini.

Nilimuuliza kulikoni, na safari hii sikuwa namtania. "Pale ukumbini watu hawakai," akasema. "Wanaingia, wanakula, wanapigwa picha, saa imeisha, wanatoka. Sijui hata bibi harusi anaitwa nani. Mie nimezoea kujua."

Nikamwambia basi ishu ya kulala imekufa. Akasema haijafa, ila ameona ni kazi kama kazi nyingine, tofauti ni kwamba hii anaipenda. Mtu akishajikamata mwenyewe hakuna raha ya kumkamata tena.

Mwezi uliopita yule dereva, ambaye siku hizi ameajiriwa na sisi moja kwa moja, alikuja Jumatano asubuhi kumwomba siku nne, aende Masasi kwa mahari ya mdogo wake. Nilikuwa jikoni nafungasha chakula cha kazini, dirisha liko wazi.

"Siku nne!" mume wangu akasema. "Na Jumamosi tuna ubarikio. Nyie mbona hamfikiriagi kazi? Kila siku ruhusa, ruhusa."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa dereva kuomba. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye mkeka mlangoni, aliinua macho akanitazama kupitia dirishani, na mimi nikaishika meza nisicheke.

Baada ya kitambo mume wangu akaja jikoni. Akasimama, akachezea kifuniko cha sufuria. "Hivi nyie kule ofisini," akaniuliza, "mtu akitaka kusafiri kwa mambo ya familia, anapewaga siku ngapi?"

Nikamweleza. Zipi ni za likizo yake ya mwaka na zipi za dharura, na kwamba zote zinalipwa. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyonisikiliza miaka yote ya nyuma, akauliza swali moja kuhusu nauli, nikamjibu. Kisha akatoka nje, akampa dereva siku tano, na nauli ya kwenda.

Jumamosi kirikuu alikiendesha mwenyewe. Niliketi pembeni yake na fungu la tepe mapajani, kwa sababu tangu siku ile ya msibani kufunga tepe ni kazi yangu. Gari lilizima mara mbili kabla ya kufika barabara kuu, na mara zote mbili alinilaumu mimi, eti ni uzito wangu.